Bega Nililolivuta Mara Mbili

Bukoto, Alhamisi, baada ya alasiri

Zaitun mwanangu,

Kile kitabu ulichokitafuta tangu asubuhi, ukapindua godoro, ukamnunia mama yako kwamba amekipakia pamoja na masufuria, mimi ndiye niliyekificha. Kiko chini ya gunia la mchele, nimekifunga kwa gazeti. Kesho asubuhi, kabla hujatoka, utakikuta ndani ya begi lako pamoja na barua hii. Usicheke ukadhani baba yako amezeeka hadi anaficha vitu kama panya. Nilikificha kwa sababu niliogopa.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Kinubi chetu cha nyumbani ni cha mdomoni tu, na Kiingereza chako kinanipita mbio. Kiswahili hiki nilichapwa nacho na mwalimu kule Kibra, nilipokuwa nalelewa na shangazi yangu, na hakijanitoka mpaka leo. Mambo ya chandarua, ya chakula, ya marafiki na ya swala, mama yako ameyasema wiki nzima, tena kwa sauti ambayo sasa nusu ya Bukoto inajua namna ya kuishi chuoni Mbarara. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni miaka saba.

Jana ulipotoka kwenda kuaga rafiki zako, uliacha kitabu mezani kikiwa wazi. Nikakaa kukitazama. Mwanzoni nilifurahi, wallahi, kwa sababu niliona picha ya kazi yangu. Ukurasa wa kushoto kifua, wa kulia bega, ngozi imeondolewa, misuli yote imelala mistari mistari na rangi yake nyekundu. Nikasema, hawa waliochora hiki kitabu wangeweza kuajiriwa buchani kwangu Kalerwe. Nilikitambua kidari, ule msuli mpana unaoanzia mfupa wa kati ya kifua, ukakusanyika, ukaenda kushika mfupa wa mkono karibu na kwapa. Niliutambua ule wa juu ya bega, mnene, umekaa kama kofia. Hata ile midogo iliyojificha nyuma, juu ya kombe la bega, niliijua, kwa sababu hoteli zinaipenda kwa mchuzi.

Penseli yako ilikuwa hapo katikati. Ulikuwa hujafunua mbele. Mimi nikafunua.

Ukurasa unaofuata nyama yote imetolewa, imebaki mifupa na nyuzi za njano. Uzi mmoja unatoka kwapani, unazunguka nyuma ya mfupa wa mkono, unaingia kwenye ile kofia ya bega. Nilisoma maneno ya chini yake kwa kidole, pole pole, kama mtoto wa darasa la pili. Nilielewa ya kutosha. Bega likitoka mahali pake, na mtu asiyejua akalivuta kwa nguvu, uzi huo ndio unaoumia. Ukifa, kofia ya bega nayo inakufa, na mkono haunyanyuki tena. Nikafunga kitabu, nikakiweka chini ya mchele.

Karatasi ya chuo inasema muhula wa kwanza mnaanza na kifua na bega. Kwa hiyo nimebanwa. Wiki mbili au tatu tu, utafunua ukurasa ule mwenyewe, utatazama bega lako, utakumbuka, na utajumlisha. Sitaki kitabu kikuambie kabla yangu.

Nianze na ujinga wangu, maana una historia. Nimekata nyama tangu nina miaka kumi na sita. Wewe mwenyewe umeniona, namna ninavyotoa mkono wa ng'ombe. Watu wanadhani lazima upige shoka, lakini mkono wa mbele wa ng'ombe haujashikana na kifua kwa mfupa wowote. Hana mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, kama sisi. Umeshikwa na nyama peke yake. Unainua mguu, unapitisha kisu kati ya kombe na mbavu, unasikia nyama inaachia, na mkono mzima unakuja mikononi mwako bila kisu kugusa mfupa. Ni kazi nzuri kuitazama. Wateja hunisifu, na mimi husifika. Mle ndani, kisu kinapopita, kuna kamba nyeupe, nyembamba, ngumu kidogo. Nimezikata miaka yote hiyo nikiwatupia paka. Sijawahi hata siku moja kujiuliza zilikuwa zinapeleka nini wapi.

Ndivyo nilivyokuja kuamini kwamba najua bega. Nilijua bega la mnyama aliyekufa, ambalo hata ukilivuta vipi halilii. Nikajivunia ujuzi huo kwa watu, na mbaya zaidi, nikautumia kwako.

Siku yenyewe unaikumbuka vipande vipande. Ilikuwa siku ya kuamkia Idd, wewe una miaka kumi na miwili. Wewe na mama yako mlikuwa mnakuja Kalerwe kuchukua nyama ya nyumbani. Pale mnapovukia, lori la matoke likarudi nyuma bila mtu wa kuliongoza. Mama yako alikudaka kiganja akakuvuta kwa nguvu zake zote, na lori likapita pale uliposimama. Bega lilitoka hapo hapo. Kama asingekuvuta, leo nisingekuwa na mtu wa kumwandikia barua. Sentensi hiyo nilipaswa kuisema kwa sauti kila siku tangu siku ile. Sikuisema hata mara moja.

Alikuleta dukani amekubeba, wewe unalia, yeye analia zaidi. Mimi nilikuwa na foleni mpaka barabarani. Siku ya kuamkia Idd unaijua, mtu akisimama kidogo anahamia bucha ya pili. Nilipokuona bega limebonyea juu na kuvimba mbele, sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na mimi nilikuwa na la kuwaonyesha.

Maama Kato, yule muuza nyanya wa pembeni, alinishika shati. Akaniambia kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiganda, "Banange ssebo, hii mukono si ya kuvuta-vuta! Mutoto aende kwa musawo, kwa dakitari, sasa hivi."

Nikamjibu mbele ya watu, "Nyabo, mimi nakata mabega kila siku. Daktari amekata mangapi?"

Watu wakacheka. Nikakulaza juu ya benchi. Nilichukua kitambaa nilichokuwa nimekizamisha kwenye maji ya barafu, nikakuwekea upande wa nje wa bega, pale ambapo babu yako alipokuwa askari alishona alama ya cheo chake kwenye sare. Nikakuuliza, "Unasikia?" Ukasema, "Baridi, Baba."

Naomba uyashike maneno hayo mawili, maana barua yote iko hapo. Nadhani huyakumbuki, na mama yako alikuwa analia, hakuyasikia. Mimi sijapata siku ya kuyasahau.

Niliweka mguu kwapani mwako nikavuta. Halikuingia. Ulipiga ukelele ambao ulinyamazisha foleni nzima. Mama yako akasema, "Baba Zaitun, basi, muache, twende hospitali." Ningeacha hapo, pengine leo ungekuwa unajifunga hijabu yako kwa mikono miwili. Lakini watu walikuwa wanatazama. Nikavuta mara ya pili, na safari hii nikauzungusha, kama ninavyouzungusha mguu wa mbuzi kuufungua kwenye kiungo. Likalia, likaingia. Watu walipiga makofi. Nami nikanawa mikono, nikarudi kwenye mizani.

Kabla hujaondoka nilikuwekea tena kile kitambaa, mahali pale pale. Nikakuuliza, "Unasikia?" Ulinitazama tu. Nilijiambia umechoka kwa kulia.

Kwa siku tisa nilikukanda kwa samli ya moto. Vidole vilicheza, kiwiko kilikunja, ila mkono haukupanda. Mama yako alinibembeleza, akaninunia, akaniambia usiku mmoja kwamba akiamka asubuhi anakupeleka mwenyewe, nitake nisitake. Ndipo nikaenda. Njiani, kabla hatujafika, nilikuinamia nikakuambia, "Daktari akiuliza, usiseme Baba alivuta. Wataniitia polisi, watafunga bucha." Hilo najua unalikumbuka, kwa sababu ulipofika humo ndani ulinitazama usoni ukanyamaza. Nilikufundisha uongo ukiwa na miaka kumi na miwili, na ulikuwa hodari kuliko nilivyotaka.

Waliruhusu mzazi mmoja tu aingie. Mama yako alibaki kwenye benchi la nje. Daktari alikuwa msichana, si mkubwa sana kuliko ulivyo sasa. Alichukua pini, akakugusa mkono pole pole, kila mahali ukisema naam. Alipofika pale penye alama ya babu yako, ukanyamaza. Akagusa tena. Ukanyamaza. Upana wa kiganja cha mtoto, ngozi ambayo haikuwa na habari.

Akaniuliza, "Siku alipoumia, kabla ya hapo, mahali hapa palikuwa panasikia?"

Nilijua jibu. Duniani kote mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nalo. Nikasema sijui.

Akauliza, "Kuna mtu alijaribu kulirudisha bega?"

Nikasema, "Hapana. Mama yake alimvuta tu mkono, barabarani. Likarudi lenyewe."

Alinieleza, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza. Kwamba mshipa wa fahamu, ndio ule uzi wa kitabuni, ukivutika mara moja tu, mara nyingi unalala kisha unaamka wenyewe, kwa hiyo tusubiri. Ila kama ungekuwa umevutwa kwa nguvu na kusokotwa, asingesubiri, angekupeleka kwa mpasuaji upesi autazame, maana kila mwezi unaopita msuli unazidi kusahau. Alisema hivyo akinitazama machoni. Alinipa mlango ulio wazi kabisa, Zaitun. Ningesema neno moja. Nilitazama viatu vyangu. Akaandika: kusubiri.

Tulisubiri mpaka mwaka ukaisha. Daktari mwingine, mzee, alitwambia msuli uliokaa muda mrefu hivyo bila habari hauamshwi tena. Kofia ya bega ilikwisha kunywea. Kidari chako kiko salama, kina mshipa wake mwingine, ndiyo maana unaweza kuvuta kitu kifuani, unaweza kumkumbatia mtu hadi akose pumzi. Ila huwezi kuanika nguo. Huwezi kupunga. Nimekutazama miaka saba unavyoinamisha kichwa kufuata mkono badala ya mkono kufuata kichwa, nami nageuka naangalia pembeni.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ni baya kuliko mkono.

Nilipotoka kwa daktari siku ile, mama yako alisimama. Akaniuliza, "Amesema nini?"

Nikasema, "Mshipa umevutika."

Akauliza, "Umevutika na nini?"

Nilitazama mkono wake wa kulia, ule aliokuvutia. Nilitazama hivyo tu, bila kusema neno, na hilo lilitosha. Niliona namna alivyourudisha ule mkono nyuma ya mgongo. Alikuwepo dukani, aliniona nikivuta, lakini alinisikia pia nikijisifu kwamba nimelirudisha, na alikuwa mtu wa kuniamini. Akaamini kwamba mimi nilitengeneza na yeye aliharibu. Kuanzia siku hiyo hajakushika mkono. Angalia vizuri utakumbuka. Mkivuka barabara anakushika nguo. Sokoni anashika ncha ya hijabu yako. Siku ya matokeo yako ya mtihani alikushika mabega yote mawili, akaachia la kulia kama ameshika sufuria ya moto.

Ulipokuwa na miaka kumi na mitano uliniuliza, "Baba, Mama anaona kinyaa mkono wangu?" Ulikuwa unaosha vyombo, ukauliza kwa wepesi, umenipa mgongo. Nami nilikujibu, "Mama yako ndivyo alivyo." Ningekuwa na haya kidogo tu, ningesema hapo. Badala yake nilichukua kikapu nikaenda kazini. Naona aibu kuandika haya, na naandika kwa mkono mzima.

Hukusema, lakini nadhani umechagua tiba ya viungo kwa ajili ya bega hilo. Basi nikuachie nilichokipata kwa gharama yako. Siku moja atakuja kwako baba kama mimi, ana sauti kubwa, anajua kila kitu, anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Atasema mtoto alianguka tu. Usimbishie. Mwambie akakununulie maji nje, halafu muulize mtoto peke yake. Na mtoto akinyamaza, usimwache upesi, kaa naye. Yule daktari msichana alikuwa mzuri, lakini alikuuliza nikiwa nimesimama nyuma yako na mkono wangu uko shingoni mwako.

Na wewe mwenyewe, siku utakapokuwa umeshika kiungo cha mtu na hujui, na watu wanatazama, na foleni ni ndefu, acha. Waache wacheke. Wangenicheka mimi siku ile, wangehamia bucha ya pili, na Idd ingepita kama Idd nyingine.

Sikuandiki haya ili unisamehe. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, na ukitaka kukaa muda bila kunipigia simu, nitangoja. Ninachokiogopa kesho ni kimoja. Kwamba utapanda basi ukidhani mama yako anaona kinyaa, na yeye atarudi nyumbani akidhani alikulemaza, na kati yenu nitasimama mimi, mwongo, nimekumbatia begi lako. Nikiwaacha mwachane hivyo kesho, sijui kama nitapata siku nyingine.

Mama yako yuko jikoni anakukaangia sambusa za safari. Namsikia akipiga unga. Barua hii ni yako, lakini haiwezi kukufikia kabla ya yeye kuisikia. Nimesimama mara mbili kwenda, mara mbili nimekaa. Mara ya kwanza nilijiambia ngoja amalize kukaanga. Mara ya pili sikuwa hata na kisingizio.

Naenda sasa.

Nimerudi. Maghrib imepita, wewe bado uko kwa rafiki zako, na ni vizuri.

Nilimsomea yote, nimesimama mlangoni. Hakuacha kukunja sambusa mpaka nilipofika kwenye kitambaa cha baridi. Hapo mikono ikasimama. Nilipomaliza alizima jiko. Akanawa unga, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. Kisha akasema, "Soma tena pale pa baridi."

Nikasoma tena.

Akasema, "Kwa hiyo nilipomleta kwako, alikuwa anasikia."

Nikasema ndiyo.

"Nilikuletea mtoto anasikia."

Nikasema ndiyo. Alikaa chini, palepale sakafuni, akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza juu, akaugeuza chini. Nilitaka kumsogelea. Akanionyesha kiganja, kwamba nibaki nilipo. Nimekaa na mwanamke huyu miaka ishirini na mbili, nimemwona akilia kwa vitu vidogo, hata kwa tamthilia za televisheni. Leo hakulia. Hilo ndilo lililonitisha.

Baadaye alisimama akawasha jiko tena, akanipa mgongo. Akaniambia, "Kesho wewe nenda bucha. Mimi ndiye nitakayempeleka kwenye basi."

Nilitaka kubisha kwamba begi ni zito. Nikanyamaza. Ni mara yangu ya kwanza kunyamaza pale panapostahili.

Kwa hiyo kesho usinitafute stendi, mwanangu. Nitakuwa Kalerwe, nyuma ya mizani. Kuhusu sisi wawili, mimi na mama yako, sijui tutafika wapi, na si mzigo wako kuubeba hadi Mbarara. Soma. Fika ukurasa ule. Ukiwa na swali juu ya siku ile, lolote, hata liwe baya vipi, nipigie, nami nitakujibu ukweli, maana sasa sina tena cha kuficha chini ya mchele.

Ila kuna pale pa kuvuka barabara, kabla hujafika stendi, penye magari mengi. Mama yako atakushika mkono. Wa kulia, na kwa kiganja chake, si kwa ncha ya nguo. Usishtuke, wala usimuulize kitu. Kaza vidole tu. Vidole vyako havikuwahi kuwa na kasoro.

Ni mimi,
Baba yako